Mwalimu akihamishwa, skauti wabaki na nani?

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga, na mwaka mzima kazi yangu kubwa ni sare za shule. Skauti niliwajua kama wanavyowajua watu wengi: watoto wa kaki wanaojipanga uwanjani siku ya sherehe, mmoja anamvisha mgeni rasmi skafu, watu wanapiga makofi, gwaride linaondoka. Kilichonisogeza karibu nao ni oda. Mwalimu mlezi wa skauti wa shule moja ya msingi ya jirani alikuja na kitambaa cha kaki begani, akaniomba nishone kaptula na sketi kwa malipo ya kidogo kidogo. Nilipomuuliza wazazi wanachanga kiasi gani, akasema, "Wengine wanachanga, dada yangu. Zinazobaki namalizia mimi."

Mzigo ulipokamilika niliupeleka mwenyewe Jumamosi, nikapewa kiti, nikakaa. Chini ya mwembe watoto walikuwa wamekaa duara tatu nne, kila duara na kamba zake. Binti mmoja wa darasa la sita alikuwa akiwaonyesha wenzake kitanzi kisichokaza, kile cha kumvutia mtu aliyetumbukia shimoni au majini bila kumbana mbavu. Mdogo mmoja alikuwa akikosea palepale kila mara. Yule binti hakumpokonya kamba. Alilifungua fundo, akamrudishia ncha mkononi, akasema, "Anza tena, polepole." Mwalimu alikuwa ameketi mbali kidogo, mikono mapajani, anatazama tu. Nimefundisha vijana wengi cherehani, najua ilivyo kazi kumwachia mtu kitambaa huku unaona mkasi unakwenda kombo. Nilimheshimu sana mwalimu yule siku ile.

Halafu akapata uhamisho. Ualimu ndivyo ulivyo, barua ikija unafunga mizigo. Jumamosi iliyofuata watoto walifika na sare zao, wakajipanga, wakasubiri. Ya pili yake walifika wachache. Baada ya muda kaptula nilizozishona nikawa naziona mtaani zikichezewa mpira, na hema mbili walizokuwa nazo zikabaki stoo ya shule pamoja na madawati mabovu, panya wakizitoboa.

Nikaanza kuulizia. Kila niliyemuuliza alikuwa na kundi analolikumbuka lililokuwa moto kweli, kisha mwalimu akahama, akaugua au akaenda masomoni, na ndiyo ikawa mwisho. Kundi zima la watoto lilikuwa limening'inia kwa mtu mmoja, tena mtu ambaye mwajiri wake anaweza kumpeleka wilaya nyingine wakati wowote. Sisi wa mtaani tusiohamishwa tulikuwa tunapiga makofi tu. Hilo liliniuma, na ndilo lililonitoa kibandani Jumamosi.

Skauti si jambo jipya kwetu. Zanzibar walianza mwaka 1912, Tanganyika mwaka 1917, kwa hiyo wapo mababu mjini hapa waliovaa skafu kabla ya Uhuru. Mwanzilishi mwenyewe, Robert Baden-Powell, alijaribu mpango wake Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, akiwa na wavulana 20. Wengine walitoka shule za kulipia za watu wenye nafasi, wengine ni watoto wa vibarua na wafanyakazi wa miji ya karibu. Aliwachanganya katika vikosi vinne, kila kikosi kikiongozwa na mvulana mwenzao, wakala na kulala pamoja. Ninapenda kuwasimulia wazazi habari hiyo kwa sababu bado ndiyo kazi yote ilivyo. Kikosi cha watoto sita hadi wanane, kiongozi wao ni mtoto, na mtu mzima yuko pembeni. Kwetu vikosi vina majina ya Mbega, Kozi, Nyuki, Pomboo na Pweza, na mtoto wa daktari yumo kikosi kimoja na mtoto wa muuza urojo, ambaye mara nyingi ndiye anayejua kuwasha moto.

Mkuu wa shule alipompata mwalimu mwingine wa kuwalea, nilimwendea na wazazi wachache tukamwomba jambo moja: mwalimu huyu asiachiwe peke yake. Tukaunda kamati ya wazazi na majirani. Kamishna wa Skauti wa wilaya alitupokea vizuri, lakini alitueleza wazi kwamba kupenda watoto hakutoshi. Kila mtu mzima aandikishwe, ahudhurie mafunzo, ajulikane anakaa wapi. Na akatupa kanuni ambayo mpaka leo naisimamia kuliko zote: mtu mzima mmoja hakai faraghani na mtoto mmoja. Ukitaka kusema na mtoto jambo lake la siri, mnakaa mahali mnapoonekana hata kama hamsikiki. Hakuna ujumbe wa simu wa chinichini kati ya mlezi na mtoto. Safari inahitaji watu wazima wawili au zaidi. Yupo mmoja aliyekuja kwa moyo mkubwa wa kujitolea, aliposikia hayo akasema tunamvunjia heshima, akaondoka. Hatukumfuata. Mzazi anayekukabidhi mwanawe usiku tatu porini ana haki ya kujua kwamba hakuna mlango unaofungwa.

Fedha nazo tuliziweka hadharani tangu mwanzo. Daftari ni moja, linashikwa na mama mmoja anayefanya kazi ya hesabu dukani, na linasomwa kwa sauti mbele ya wazazi na viongozi wa vikosi. Kuni na mkaa havina risiti, kwa hiyo tunaandika karatasi, muuzaji anatia sahihi na mmoja wetu anatia ya kwake. Watoto kusikiliza hesabu nadhani ni jambo jema sana. Mtoto wa darasa la tano alinyoosha mkono akauliza kwa nini sukari ilinunuliwa reja reja wakati kilo kumi kwa pamoja zingeshuka bei. Tangu siku hiyo tunanunua kwa jumla.

Watu walivyojitokeza sikutarajia. Dereva wa daladala alisema hana fedha ila ana gari, na siku za kambi atalilaza palepale kambini. Muuguzi mmoja akajitolea kufundisha huduma ya kwanza. Na mzee mmoja aliyestaafu kazi bandarini akaja na mkongojo wake akauliza kama tunahitaji mtu wa kamba. Tulimhitaji! Mzee yule anafunga mafundo macho yakiwa kwingine. Watoto wanamwamkia, "Shikamoo babu," wanamzunguka, na yeye kabla ya kufunga chochote anawauliza fundo hili ni la kazi gani. Kuunganisha kamba mbili zenye unene sawa? Kufunga kamba kwenye nguzo? Kubana miti miwili iliyopishana ili isimame kama meza? Asiyejua kazi hafundishwi fundo. Kamba zenyewe ni za mkonge, tulipewa na baba mmoja anayefanya kazi kwenye shamba, na mzee anawaeleza watoto kwamba mmea huo haukuwapo kwetu. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kilimo cha mkonge walichokiona watoto njiani kuelekea Muheza na Korogwe kilianza na miche ile iliyonusurika. Wanapokata kipande cha kamba sasa wanakata kwa adabu.

Mimi kazi yangu ilikuwa sare, na hapo niligundua kitu kinachofukuza watoto wengi. Mzazi akiambiwa sare kamili, yaani shati, kaptula, mkanda, soksi na skafu, anamwambia mtoto kimyakimya asiende. Kwa hiyo tulikubaliana mtoto aanze na skafu peke yake juu ya sare ya shule, mengine yatafuata. Kaptula nashona na upindo mpana ndani, vidole vinne, ili mtoto akirefuka ishushwe badala ya kununuliwa mpya. Akimaliza darasa la saba anairudisha sandukuni, naifua, naipiga pasi, inakwenda kwa mwingine. Hakuna anayejua ya nani ni ya kuazima, kwa sababu karibu zote zimeshapita miili miwili.

Skafu ina hesabu yake. Kitambaa cha upana wa sentimita 150, ukikata urefu wa sentimita 75 unapata miraba miwili, na kila mraba ukiukata mshazari unatoa pembetatu mbili. Skafu nne. Wapo wanaopunguza ili zitoke sita, na siku ya gwaride hakuna anayeona tofauti. Muuguzi wetu ndiye aliyenifanya nishikilie kipimo. Alisema skafu ni bendeji ya pembetatu ambayo mtoto anatembea nayo shingoni: inaning'iniza mkono uliovunjika, inafunga gango, inakandamiza jeraha linalovuja damu. Kwa hiyo kila mtoto kabla ya kuapishwa anavuliwa skafu na mwenzake, mwenzake anamfungia nayo mkono, na kama haizunguki shingo na kushika kiwiko vizuri inarudi kwangu. Nimeshona nguo za harusi nyingi mjini hapa, na bado hakuna kazi ninayoikagua kama ile.

Jambo lililotuletea mvutano mkubwa halikuwa fedha. Lilikuwa mkono wa kushoto. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto dunia nzima. Watoto husimuliwa kwamba kwa Waashanti wa Ghana shujaa aliishika ngao mkono wa kushoto, na kuiweka kando ngao ili umpe mtu mkono huo ni kumwonyesha kwamba humwogopi na humfichi kitu. Simulizi nzuri. Lakini mtoto mmoja alirudi nyumbani akampa bibi yake mkono wa kushoto. Bibi alikuja Jumamosi na kanga zake mbili, hakukaa, akatuuliza ni nani anayefundisha wajukuu zake utovu wa adabu. Kwa watu wa pwani, Mwislamu au Mkristo, mkono wa kushoto hupewi chakula wala salamu. Mwalimu alimpa shikamoo, akamwekea kiti kivulini, akaitisha viongozi wa vikosi waseme wenyewe. Kiongozi wa Kozi, mvulana mwenye aibu nyingi, alisimama akasema, "Bibi, mkono wa kushoto ni wa sisi kwa sisi tukiwa na skafu. Mkubwa anapewa wa kulia, na anapewa kwa mikono miwili." Kanuni hiyo hatukuwa tumeiandika popote. Aliitunga pale, tukaichukua, na ndiyo yetu mpaka leo. Bibi alitaka aoneshwe. Vikosi vyote vikapita mmoja mmoja kumpa mkono wa kulia, akawarudishia marahaba zote. Mwaka huo alituletea gunia la nazi.

Ahadi ya skauti ina sehemu tatu, ndiyo maana saluti ni vidole vitatu: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia wengine, na kuitii sheria ya skauti. Sehemu ya Mungu tunaitunza kwa vitendo. Kuku kambini wanachinjwa na Mwislamu, ratiba inaacha nafasi ya swala, Jumapili watoto Wakristo wana ibada yao fupi, na hatupangi kambi Ramadhani. Haya si mazito hapa Tanga, tumeishi hivyo siku zote. Nayataja kwa sababu mlezi anayetoka mbali anaweza asiyafikirie.

Sasa kambi. Wazazi wengi wanaogopa nyoka na fisi. Mimi baada ya kambi kadhaa naogopa maji na choo. Kwenye mkutano wa wazazi huwa nawaeleza yaliyotokea Korea Kusini Agosti 2023, kwenye jambori la dunia la SaeManGeum. Zaidi ya skauti 40,000 walikusanyika kwenye eneo tambarare lililochukuliwa baharini, lisilo na miti. Joto likapanda kufika nyuzi 35, mamia ya watoto wakaugua, malalamiko ya vyoo na usafi yakazagaa, Waingereza na Wamarekani wakawatoa watoto wao mapema, na mwishowe kimbunga kikamlazimu kila mtu kuhama. Ile ni nchi tajiri. Kama wao walilemewa na kivuli, maji na vyoo, basi sisi tuanze na hayo matatu kabla ya nyimbo za moto wa kambi.

Kambi ya Juni iliyonifundisha mengi ilikuwa Amani, kwenye safu ya Usambara Mashariki juu ya Muheza. Mahali pana historia: Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo pale mwaka 1902, na msitu wenyewe umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Mwinuko ni karibu mita 900, kwa hiyo mtoto wa Ngamiani anayelala na shuka moja mwaka mzima anakutana na baridi ya kweli. Watu wazima watatu tulitangulia wiki chache kabla. Tukaripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, tukatazama chanzo cha maji, tukauliza zahanati iko wapi na inafunguliwa saa ngapi, tukakubaliana vyoo viwe zaidi ya mita 30 kutoka kwenye maji na upande wa chini wa mteremko. Kipimo cha maji tulichokishika ni kile wanachotumia watu wa misaada kwenye kambi za dharura, lita 15 kwa kila mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Kwa watu 40 hizo ni madumu 30 ya lita 20 kila siku. Ukiyaona yamepangwa mstari ndipo unapoelewa kwa nini kambi inapangwa karibu na bomba na si penye mandhari nzuri.

Ya kunywa tulichemsha yote. Vyandarua vilikuwa lazima, baridi au si baridi, kwani Muheza haijulikani kwa utafiti wa malaria bila sababu. Muuguzi alifundisha kila kikosi kuchanganya maji ya mgonjwa wa kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Waliyachanganya, wakayaonja, na alisisitiza kwamba yakiwa na chumvi kuliko machozi yamwagwe.

Chakula nilipima mimi. Robo kilo ya unga kwa kila mtoto kwa mlo wa ugali, gramu 100 za maharage makavu. Kikosi cha watu wanane kinapewa kilo mbili za unga na gramu 800 za maharage, kuni, chumvi, kitunguu na mafuta, basi. Kupika ni kwao. Siku ya pili Nyuki waliunguza maharage mpaka sufuria ikawa nyeusi ndani. Wanawake wawili tuliokuwa jikoni tulitazamana. Ziada ilikuwepo, na mkono unawasha kusaidia. Mwalimu akatuomba tusubiri. Kiongozi wa Nyuki, binti wa miaka kumi na mbili, alikaa na wenzake wakanong'ona, akainuka akaenda kwa Mbega kufanya mapatano: watoe nusu ya sufuria yao, na vyombo vya Mbega vitaoshwa na Nyuki mpaka kesho jioni. Mbega wakajadili. Wakakubali, ila wakaongeza sharti la kuni. Usiku Nyuki walikuwa mtoni wanasugua sufuria za watu wanaimba. Kama tungetoa ile ziada, jioni ingepita bila mtu kukumbuka chochote.

Lakini kukaa pembeni kuna mpaka wake, na mpaka huo mtu mzima lazima aujue vizuri. Kwenye fomu ya ridhaa tunamwuliza mzazi magonjwa ya mtoto, na tunapiga simu kwa kila aliyeandika "hana", kwa sababu wengine huandika hivyo wakihofia mtoto ataachwa. Mama mmoja kwa simu ndiyo alisema mwanawe ana pumu ya baridi. Usiku wa tatu mvua ilinyesha, Amani haijali kama ni Juni, na alfajiri moshi wa kuni mbichi ukatanda chini. Mtoto akaanza kuvuta pumzi kwa filimbi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwa muuguzi, imeandikwa jina, mahali sisi sote tulipajua. Dereva alikuwa ameshawasha gari kabla hajaambiwa. Haikufika zahanati, alitulia, tukahamisha jiko upande wa pili wa upepo. Pale hakuna aliyengoja watoto wajadiliane.

Na wasichana. Kabla ya kamati, wasichana waliishia uwanjani, kambini walikwenda wavulana. Baba zao hawakuwa wakali, walikuwa na swali ambalo hakuna aliyelijibu. Mmoja alinijia kibandani na fomu mkononi akauliza, "Wewe mwenyewe utalala hukohuko?" Nikasema nitalala, hema langu litakuwa katikati ya hema zao. Akaweka fomu juu ya cherehani akasaini. Tangu hapo nimewaambia wanawake wa mtaa: huna haja ya kujua fundo hata moja. Uwepo wako ndio ruhusa ya wasichana kumi na tano. Ukifika, utapanga mahali pa kuogea penye turubai pande zote, utachimbiwa shimo la taka lao peke yao, na utaweka taulo za kike kwenye kikapu kilicho wazi hemani ili asiyetaka kuomba achukue bila kuomba. Wasichana walipoacha kuhofia hayo ndipo walipoanza kuongoza. Leo vikosi vitatu kati ya vitano vinaongozwa na wao.

Kule Amani mwalimu aliwafundisha alama za njia. Mshale wa vijiti, fuata huku. Msalaba, usipite. Mawe matatu yaliyopangana, hatari. Kikosi kinatangulia msituni kikiacha alama, kingine kinafuata, na mwisho wa njia kuna duara lenye nukta katikati: nimemaliza, nimerudi nyumbani. Alama hiyo ya mwisho ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell. Alifia Nyeri, Kenya, Januari 8, 1941, na amezikwa hukohuko. Watoto waliposikia kwamba Nyeri inafikika kwa basi, walianza kupanga safari palepale, na wenye hesabu wakaanza kutaja sambusa ngapi ziuzwe.

Kuna jambo ninalolisema bila kuficha. Watoto wetu wanaitwa sana kwenye sherehe. Kumvisha mgeni skafu ni heshima, na mtoto aliyechaguliwa anasimulia mwaka mzima. Lakini kwenye sherehe moja waliamriwa kujipanga saa mbili asubuhi, mgeni akafika karibu na adhuhuri, hakuna aliyewapa maji, na wawili walianguka. Skauti si pambo la uwanja. Sasa tuna masharti matatu tunayoyaandika kwenye barua ya kukubali mwaliko: kivuli, maji, na muda wa kusimama unaojulikana. Mwalimu kama mtumishi ni vigumu kumwandikia mkubwa barua kama hiyo. Kamati ya wazazi inaweza, na inaandika kwa lugha ya heshima. Baadhi ya waalikaji walinuna. Wengi wamekubali, na wengine wameshukuru kukumbushwa.

Mwaka jana yule mwalimu wa pili naye alihamishwa. Tulimwaga kwa pilau na tukamfunga skafu ya kundi. Jumamosi iliyofuata sanduku lilifunguliwa saa ileile, mzee wa kamba alikuwa kwenye kiti chake, muuguzi alikuwa zamu lakini alimtuma mwenzake, na kiongozi wa Pweza akaita mahudhurio. Waliokosekana walikuwa wawili, mmoja ana homa na mwingine yuko msibani Pangani. Mwalimu wa tatu alipoteuliwa na mkuu wa shule alikuta kundi linafanya kazi, akasema kwamba alikuwa anahofia kubebeshwa mzigo na sasa anaona amepewa wenzake.

Hivi sasa tunalo deni la kuogelea. Watoto wa mji wa bahari, na zaidi ya nusu hawawezi kuogelea, wasichana karibu wote. Nimezunguka kwa wazazi, hofu yao naielewa, pwani hii imechukua watu. Mvuvi mmoja wa Deep Sea, mjini hapahapa, amekubali kufundisha, na mke wake atakuwa na wasichana kwa siku yao peke yao. Tumekubaliana wafundishwe maji yakiwa kupwa, kina cha kiunoni, kila mtoto na mwenzake anayemtazama, na mzee wetu akae ufukweni na kamba yenye kitanzi kisichokaza. Nimeshaanza kushona nguo za kuogelea za wasichana, mikono mirefu na suruali, kitambaa chepesi kisichobeba maji. Tunaanza masika yakikatika, bahari ikitulia. Bado tunatafuta mtu mwenye mtumbwi wa kukaa upande wa kina kirefu Jumamosi asubuhi.